Nani Alilifungua Faili

Siku ya kuniaga kazini walikata keki yenye jina langu, na jina lenyewe lilikuwa limekosewa herufi mbili. Hiyo ilikuwa idara ya kumbukumbu za wagonjwa, watu ambao kazi yao ya kwanza ni kuhakikisha majina hayakosewi. Nilicheka, nikala kipande chenye kosa, nikapanda basi kurudi North York na maua yangu mapajani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya Kiswahili, ninyi watatu mlioajiriwa majuzi kwenye kazi za kutunza taarifa za watu mlinizunguka pale kwenye meza ya chai. "Anti Yusta, tuandikie ulivyofanya kazi." Naandika kwa Kiswahili, ingawa najua mmoja wenu itabidi asomewe na mama yake. Kisa kikubwa cha maisha yangu ya kazi kilitokea kwa Kiswahili, humu humu Toronto. Kwa Kiingereza nilikisimulia mara moja tu, mbele ya kikao, na hakikutoka vizuri.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa masijala kule Tukuyu kwa miaka tisa, kwa hiyo mafaili hayakunitisha. Kilichonitisha ni baridi, na ukubwa wa chumba. Kilikuwa chini kabisa ya hospitali, hakina dirisha, rafu zinaanzia mlangoni na mwisho wake huuoni. Nilikabidhiwa kwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Unatoka wapi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Tanzania."

"Basi leo ulimi wangu unapumzika," akasema kwa Kiswahili. "Mimi Wakio, Mtaita. Njoo nikuonyeshe wagonjwa wetu. Hawa hawapigi kelele."

Nilimwuliza nimwite mama nani. "Niite Wakio, yatosha," akajibu, akageukia rafu. Kwetu kumwita mtu aliyekuzidi umri jina tupu ni utovu wa adabu, kwa hiyo nikamwita Dada Wakio, naye akavumilia.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa kadi ya machungwa. Ilikuwa kadi ngumu, kimo chake sawa na faili. Ukitoa faili kwenye rafu, unaandika kwenye kadi jina la aliyelichukua, wodi yake na saa, kisha unaichomeka pale faili lilipokuwa. Faili likirudi, kadi inatoka. Nilidhani kadi ni ya kuzuia mafaili yasipotee. Wakio alikataa.

"Faili halipotei, litarudi tu," alisema. "Hii kadi inamwambia mgonjwa nani amemsoma. Hayupo hapa kuuliza, kwa hiyo sisi tunamwulizia."

Siku ya tatu nilimkuta daktari mmoja bingwa amesimama kati ya rafu, anasoma faili la jirani yake wa nyumbani. Wakio alinyoosha mkono, akalichukua taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Daktari, huyu ni mgonjwa wako?" Daktari akasema alikuwa anapita tu. "Basi pita," Wakio akasema. Yule alikuwa bwana mkubwa, na Wakio alikuwa karani wa chini ya ardhi. Nilijua hapo kwamba nimepata mwalimu.

Mafaili ya karatasi yalianza kuisha miaka michache baadaye. Tulikaa mwaka mzima na zaidi tukinakili kurasa kwenye mashine, na kila jioni vidole vyetu vilikuwa vimekatwakatwa na karatasi kama vya wavuna mkonge. Wakati huo huo jimbo lilipitisha sheria mpya ya kulinda taarifa za afya. Wengi waliona ni mzigo mwingine. Wakio alisoma kijitabu chake chote kwenye treni kutoka Scarborough, akaja kuniambia, "Ni kadi ya machungwa, wameiandika tu kwa maneno mengi."

Kweli ilikuwa hivyo. Kompyuta ilikuwa inaandika yenyewe kila aliyefungua rekodi, saa ngapi, ukurasa gani, kwa muda gani. Madaktari wengine walibandika neno lao la siri kwenye kioo cha kompyuta ili wasilisahau, na siri ikawa ya kila anayefagia. Nilizunguka wodi nzima nikibandua vikaratasi. Nilijaza bahasha mbili.

Nikahamishiwa ofisi ndogo ya faragha ghorofa ya pili. Walitaka mtu mwenye subira, na wenye haraka walikuwa na ngazi nyingine za kupanda. Kazi yangu ilikuwa kusoma orodha za waliofungua rekodi na kuuliza walikuwa na sababu gani. Watu walianza kunyamaza nikiingia kantini.

Kanisani ilikuwa kinyume, huko walitaka niongee. Mama mmoja Mkongo alilazwa, na mchungaji akanipigia simu: "Dada Yusta, tuambie tu yuko wodi gani na anaumwa nini, tupate kuomba kwa shabaha." Nikamwambia Mungu anajua wodi. Hakufurahi. Miezi kadhaa nilisikia kwamba Yusta siku hizi anaringa, amekuwa Mzungu. Iliniuma, siwafichi. Kwetu kumfikia mgonjwa ni heshima, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nazuia heshima.

Sasa nifike penye kisa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya ukaguzi wa mwezi. Nilikuwa nashuka na orodha, jina baada ya jina, nikakutana na la Wakio. Yeye alibaki kule chini, akifanya kazi ya kupitia wagonjwa wapya kila asubuhi ili mtu mmoja asiwe na rekodi mbili. Rekodi moja alikuwa ameifungua mara kumi na moja. Saa moja kasoro dakika kumi, kila siku, siku kumi na moja mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ukurasa wa kwanza tu. Chini ya dakika moja kila mara.

Jina la mgonjwa lilikuwa Mghendi, na ubini ulikuwa wa Wakio mwenyewe. Umri, miaka thelathini na kidogo. Pale juu kabisa palikuwa na ombi la mgonjwa: ndugu wasiarifiwe kwamba nimelazwa.

Ndipo nilipoelewa kwa nini hakutaka kuitwa mama wa mtu.

Kanuni ilitaka niandike taarifa siku ile ile. Sikuandika. Niliikunja ile karatasi, nikaitia kwenye droo chini ya pakiti ya majani ya chai, nikafunga kwa ufunguo. Siku mbili nilikwenda na kurudi nikijiambia naangalia kama mashine haikukosea. Nilijua haikukosea. Nawaambia hili kwa sababu mtakutana nalo: siku utakayopendelea mtu, utaiita uangalifu.

Siku ya tatu Wakio alipanda mwenyewe. Alifunga mlango, akakaa.

"Umeniona," alisema.

"Nimekuona."

"Mbona hujaniita?"

Nikaitazama droo. Akavua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake.

"Mara ya kwanza ilikuwa kazi," alisema. "Jina lilikuja kwenye orodha ya asubuhi, nikalifungua kama ninavyofungua yote. Mara ya pili ilikuwa mimi."

"Ulikuwa unatafuta nini, Dada?"

"Kama yupo. Ule ukurasa wa kwanza unaonyesha kitanda. Mtu akifa, kitanda kinatoka. Nilikuwa naangalia kitanda kipo, nafunga. Sikufungua vipimo, Yusta. Sijui anaumwa nini. Yuko ghorofa ya nne. Nimepanda lifti hiyo siku kumi na moja, nami sijabonyeza nne, kwa sababu ameandika hataki."

Nikamwuliza walikosana nini. Akanisimulia. Mghendi alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa, bado wakiishi pamoja mtaa wa Malvern, Wakio aliingia kwenye kompyuta ya mwanawe akasoma barua zake. Alichokisoma kilimtisha, akakipeleka kwa wazee wa kanisa ili wamsaidie kumrudi. Kufikia Jumapili, watu mia walikuwa wanajua. Kijana alibeba nguo zake kwenye mfuko wa plastiki akaondoka. Ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu.

"Hata kadi zile nilikufundisha kwa sababu hiyo," alisema. "Nilipokufundisha wewe, nilikuwa najifundisha mimi. Halafu tazama." Akasimama. "Chukua kalamu uandike. Ukinificha, nitakuwa nimekuharibu na wewe."

Niliandika. Niliandika pia kwamba nilikaa na karatasi siku mbili. Mkuu wangu aliposoma sehemu ile alinipa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, na sijutii kuistahili.

Kikao kilikuwa cha watu wanne: mkuu wa idara, mwanasheria wa hospitali, mtu wa chama cha wafanyakazi, na mimi. Wakio alingoja nje. Mkuu alitaka afukuzwe, kwa sababu wengine walishafukuzwa kwa kuchungulia rekodi za wake waliowaacha na wapangaji. Mtu wa chama akasema, "Huyu ni mama, na hakumdhuru mtu."

"Kama hakumdhuru mtu atasema mgonjwa, si sisi," akajibu mwanasheria. Alikuwa binti mdogo, sauti ya chini. "Aliomba ndugu zake wasijue, na ndugu mmoja alijua kila asubuhi. Sheria haina kifungu cha mama."

Walinigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea Wakio, na nilipofungua kinywa nikakuta nakubaliana na yule binti. Nilisema, kwa Kiingereza changu cha kukwamakwama, kwamba tukimwachia tutakuwa tumemwambia mgonjwa ombi lake lilikuwa na uzito mpaka alipotokea mtu mwenye machozi. Lakini tukimfukuza, tutakuwa tumesema aliyefungua kwa umbea na aliyefungua kwa hofu ni mtu mmoja, na mashine imeshatuonyesha si mmoja. Imeandika ukurasa. Imeandika dakika.

Tulibishana hadi chakula cha mchana kikapoa. Uamuzi ukawa huu: Wakio akae nyumbani wiki sita bila mshahara, asiguse tena kompyuta yenye taarifa za wagonjwa, na akirudi ahamie stoo ya mashuka. Na mgonjwa aandikiwe barua, kama sheria inavyotaka, kwamba mfanyakazi alifungua rekodi zake bila sababu ya kikazi.

Wakio alisikiliza yote amesimama. Aliuliza jambo moja: "Barua itasema ni mimi?"

"Haitasema jina," nilimjibu. "Ila akiuliza, ana haki ya kuambiwa."

"Basi asiulize," alisema, halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Aulize kama anataka. Ni haki yake."

Barua niliiandika mimi, kwa maneno ya kiofisi kama tulivyoelekezwa. Mghendi wakati huo alikuwa ameshapona vya kutosha kurudi nyumbani. Aliugua nini sitawaambia. Mimi nimestaafu, kiapo hakijastaafu.

Alikuja wiki kadhaa baadaye, Wakio akiwa amesharudi kazini kule stoo. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa na paji la uso la mama yake. Aliiweka barua mezani kwangu, akaipiga kwa kidole.

"Nani?" aliuliza kwa Kiingereza.

Nikamwambia ana haki ya kupata orodha kamili, na kwamba nitaichapa sasa hivi. Nikaongeza kwamba baada ya kuisoma anaweza kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya jimbo, na fomu ninayo, nitamsaidia kuijaza. Niliichapa.

Alisoma mstari wa kwanza, akaliona jina.

"Tena," alisema. "Amefanya tena." Akaniambia mambo mengi, haraka haraka, kwamba alichagua hospitali kwa sababu ilikuwa ya karibu, kwamba aliambiwa ombi lake litaheshimiwa, kwamba hakuna mlango mama yule asioufungua. Sikumkatiza. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilisema samahani, na nilisema kwa niaba ya hospitali na kwa niaba yangu.

Kisha akarudi kwenye karatasi. Akaanza kushuka nayo polepole.

"Hii safu ni nini?"

"Saa aliyofungua."

"Na hii?"

"Ukurasa. Wa kwanza tu. Unaonyesha jina, kitanda, na hali ya mgonjwa kwa neno moja."

"Na vipimo?"

"Hakuvifungua hata mara moja. Angevifungua, mashine ingeandika."

Alipitisha kidole kwenye zile saa, moja baada ya nyingine, hadi chini. Nilidhani anahesabu.

"Na alimwambia nani?" aliuliza.

"Hilo mashine haijui," nilisema. "Na mimi siwezi kukuapia."

Halafu, kwa mara ya kwanza, akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili cha mtoto aliyekiacha zamani: "Hakuna mtu alikuja."

"Unasemaje?"

"Siku zote hizo. Wodini. Hakuna mtu alikuja." Akarudi kwenye Kiingereza. "Unawajua akina mama wa kanisa letu? Kama angemwambia hata mmoja, jioni ile ile wangekuwa kumi na wawili kuzunguka kitanda changu, na chupa za chai, na wimbo."

"Wangekuwa ishirini," nilisema.

Alicheka. Kicheko kilimtoka vibaya, akafunika macho kwa mkono, akakaa hivyo. Nilimsogezea karatasi za kupangusia, nikajifanya natafuta fomu ya malalamiko. Nilipoiweka mbele yake hakuigusa.

"Bado anafanya kazi hapa?"

Hapo, ndugu zangu, miaka yangu yote ya kazi ilisimama mlangoni. Stoo ya mashuka ilikuwa ghorofa mbili chini yetu. Ningeweza kunyoosha kidole tu. Nikamwambia, "Nisubiri kidogo. Na yeye lazima nimwulize."

Nilishuka kwa ngazi, lifti niliiona inachelewa. Wakio alikuwa amesimama katikati ya marundo meupe, anakunja. Alishaniambia siku moja kwamba mashuka yana siri kuliko mafaili, ila hayaandikwi.

"Dada, kuna mtu juu anauliza kama upo. Nimwambie?"

Mikono ilisimama na shuka lililokunjwa nusu. "Amekuja kulalamika?"

"Alikuja kulalamika."

"Na sasa?"

"Sasa anauliza kama upo."

Alivua aproni. Akaivaa tena. Akalitazama lile shuka kama haelewi limefikaje mikononi mwake. "Mwambie," alisema. "Mwambie asipotaka kushuka pia ni sawa."

Nilimpelekea maneno yale kama yalivyo. Aliikunja orodha, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akashuka. Sikuwafuata. Nilifunga ofisi, nikaketi mgongo nikiwa nimeupa mlango, na kwa muda wa saa nzima sikufanya kazi yoyote ya maana. Waliambiana nini sijui, na sikuwahi kuuliza.

Hawakurudiana siku ile kama kwenye hadithi. Alikaa muda bila kupiga simu. Kisha akapiga moja. Kisha wakakutana kwenye duka la kahawa, mahali pasipokuwa kwa huyu wala kwa yule. Mwaka uliofuata alipita ofisini kwangu akielekea kliniki, akaniletea fomu anayotaka ibadilishwe. Kwenye nafasi ya mtu wa kuarifiwa aliandika jina la mama yake. Chini yake, kwa mkono wake, aliandika kwamba mama huyo anaruhusiwa kuambiwa lolote atakalouliza. Fomu ya malalamiko nilikuwa bado nimemhifadhia, maana haki haimaliziki kwa sababu mtu amelia; akasema niichane.

Wakio alistaafu kabla yangu. Tuliendelea kupigiana simu kila wiki. Siku moja nilithubutu kumwuliza kama, kwa ile ruhusa, aliwahi kwenda kwa daktari akauliza mwanawe aliumwa nini.

"Sijauliza," alisema.

"Na yeye hajakuambia?"

"Hajaniambia. Siku akitaka ataniambia." Nyuma yake nilisikia sufuria, na maji yakifunguliwa. "Jumapili alikuja hapa. Nilipika kimanga cha kwetu Taita. Amekula sahani mbili, Yusta. Mbili! Mimi nilikaa tu upande wa pili wa meza, namtazama."